Presi Iliyokataa Damu

Vidole vitatu vya baba yangu vilibaki Changamwe, katika kiwanda cha makopo kilicho nyuma ya reli, na mimi ndiye binti yake niliyekwenda kuomba kazi pale pale. Najua ilivyosikika. Shangazi zangu wa Kaloleni walipiga simu kwa zamu, mmoja akikata mwingine anaanza. Mama alijifanya anachagua mchele. Baba mwenyewe alinitazama mikono, si uso, akasema, "Kahaso, hiyo mikono ndiyo uliyopewa. Mingine hakuna."

Hakuwa akitania, na kwa kawaida ni mtu wa utani.

Baba anaitwa Munga, na hakuondoka kiwandani baada ya ajali yake. Presi ya zamani ilipomla vidole vya mkono wa kushoto, walimpa ufagio, na mpaka leo ndiye anayefagia. Presi ile ilikuwa kazi ya watu wawili. Mmoja alitia bati kwa mkono, mwingine alikanyaga pedali, na chuma kizito kikashuka kukata kifuniko cha kopo. Baba ndiye aliyekuwa akitia bati. Mkanyagaji wake alikuwa Mdigo mmoja wa Likoni, mtu mwema kabisa, na asubuhi hiyo rafiki yake alipita mlangoni akamtolea salamu. Kwetu pwani mtu akikusalimu hukai kimya. Aligeuza uso kuitikia, na mguu ukashuka pamoja na jibu. Baba hajawahi kumlaumu hata mara moja. "Angefanyaje?" husema. "Alisalimiwa."

Kwa hiyo niliposema nimepata kazi ya kusimamia presi mpya, hiyo inayoendeshwa na kompyuta, nilijua ninaomba nini. Nina cheti cha umeme cha chuo cha ufundi, na kilikuwa kimelala chini ya godoro huku mimi nikisuka vichwa vya watu pale Chaani. Nilimwambia kila mtu kwamba siogopi. Nilikuwa muongo. Niliogopa hata nikiosha vyombo najikuta navitazama vidole vyangu kimoja kimoja, kama vitu vya kuazima.

"Nitakuwapo siku ya kuiwasha," baba alisema mwishowe. "Nisipoiridhia, tutatoka mle ndani mimi na wewe, na hatutabishana."

"Nina miaka ishirini na minane, baba."

"Na vidole kumi. Mimi nazungumzia vidole."

Mashine yenyewe ilikuja kwa makontena kutoka bandarini Kipevu. Presi za zamani zilikatwakatwa zikapakiwa kwenye malori ya vyuma chakavu, na baba aliegemea ufagio wake akaangalia mpaka lori la mwisho likatoka getini. Sikumuuliza alikuwa akiwaza nini. Mafundi wakaanza kufunga na kuunganisha, na aliyewaongoza alikuwa injinia Jael, mwanamke wa Kakamega, mfupi, mwenye kofia ngumu iliyomshinda kichwa na Kiswahili cha bara kilichomtesa sana Luqman, msimamizi wetu wa zamu. Luqman ni mtu wa Mji wa Kale. Kwake yeye lugha ni mali ya ukoo.

"Hii laini ya mashine iko na macho mia mbili," Jael alikuwa akisema.

"Ina, bibi, ina," Luqman alikuwa akinong'ona huku amefumba macho, kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Lakini hata Luqman alinyamaza siku ile Jael alipotuonyesha kompyuta. Mimi nilikuwa nikingoja kitu kikubwa, kitu cha kujaza chumba. Kumbe ilikuwa kisanduku cha kijivu kisichozidi mkate mmoja wa boflo, kimefungwa ndani ya kabati la chuma lenye kiyoyozi chake peke yake. Sisi wote ukumbini tulikuwa na feni mbili, moja yake imekufa. Nyaya ziliingia ndani ya kisanduku kile kutoka kila pembe ya kiwanda, nyembamba, nyingi, na vitaa vidogo vya kijani vilikuwa vikiwaka na kuzimika bila ya kelele yoyote.

"Bosi ni huyu," Jael akasema. "Sisi wengine wote ni vibarua wake."

Akatueleza. Nitaeleza nilivyoelewa, na mwenye kutaka zaidi amtafute yeye. Kisanduku kile kinauliza maswali. Bati limefika mdomoni mwa presi? Limekaa sawa? Mota inazunguka kwa kasi gani? Oveni ya kukaushia mpira wa kifuniko ina joto gani? Mkanda umejaa au uko wazi? Kila swali lina jicho lake mahali fulani kwenye laini, na kila jicho linajibu. Kompyuta ikishapata majibu yote inaamua, inatuma amri, bati lisogee, chuma kishuke, moto upunguzwe kidogo. Kisha inaanza kuuliza tena kutoka mwanzo. Haisemi kwamba iliuliza sasa hivi, kwa nini ijisumbue. Ukipepesa macho mara moja tu, tayari imeuliza yote na kujibiwa mara nyingi.

"Na inapumzika lini?" nikauliza.

"Haipumziki."

"Na mtu akiisalimu?" Baba ndiye aliyeuliza. Nilikuwa sijajua kwamba amesimama nyuma yetu.

Jael hakujua habari za yule Mdigo wa Likoni, kwa hiyo alicheka. "Haiwezi kujibu, mzee. Hiyo haikuandikwa ndani yake."

Baba hakucheka. Aliitikia kwa kichwa, polepole, kisha akarudi kufagia mahali alipokuwa ameshafagia.

Siku ile walijaribu kipande cha laini kinachokagua vifuniko, na hapo ndipo nilipopotea kabisa kwa mshangao. Kamera imekaa juu ya mkanda. Vifuniko vinapita chini yake mbio, huwezi kuona kimoja kimoja, unaona mstari wa fedha tu unaotiririka. Kamera inakipiga picha kila kimoja, kompyuta inakitazama, na kikiwa na kasoro, bomba dogo la hewa linakipuliza, pfu, kinaanguka kapuni. Vile vya mbele na vya nyuma havitikisiki. Mimi, kwa ubishi wangu, niliokota kifuniko kizuri, nikakikwaruza pembeni kwa sindano ya nywele, mkwaruzo ambao mimi mwenyewe ilibidi niugeuzie mwangani nikitaka kuuona. Nikakichanganya na wenzake. Pfu. Nikakirudisha kimeangalia upande mwingine. Pfu. Nilikitia mara nyingi mpaka Luqman akaniambia niache kuchezea mali ya tajiri, mwenye kiwanda, na kila mara kilitolewa hicho hicho peke yake.

"Mola wangu," nikasema, na sikuwa nikiapa. Nilikuwa naomba.

Dancun, mpakiaji wetu kutoka Siaya, alikuwa amesimama mdomo wazi. "Manze," akasema, "hii kitu imesoma kuliko sisi wote."

Nilitamani mtu aniulize swali lolote juu ya laini ile, nipate kulijibu. Nilikuwa nampenda mtu yeyote aliyeshiriki kuibuni, hata nisipomjua jina. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama yale maswali na majibu yake huku nikipakua wali, na wali ukapoa, na mama akasema nimeanza kuzungumza kama mtu aliyeposwa.

Baba alikula wake ungali moto. Alipomaliza akasema, "Hayo yote ni vifuniko. Mimi sikuuliza habari za vifuniko."

Kesho yake alimwendea Jael mwenyewe. "Injinia," akamwambia, "inajua nini kuhusu mkono?"

Jael alituchukua mpaka kwenye presi. Ilikuwa kubwa kuliko mimi, na mbele yake palisimama nguzo mbili nyembamba za rangi ya njano, moja kulia, moja kushoto. Akatuambia kwamba kati ya nguzo hizo inapita mistari ya mwanga usioonekana kwa macho, mmoja juu ya mwingine, kutoka chini hadi juu. Mkono ukipita unakata mstari, na presi inasimama papo hapo. Akatuonyesha pia vitufe viwili vya kijani, kimoja huku na kimoja kule, vilivyo mbali hata ikabidi nitanue mikono kuvifikia. Presi ikishasimama, haishuki tena mpaka vyote viwili vibonyezwe kwa pamoja. "Kwa hivyo mikono yako wewe itakuwa hapa nje," akaniambia. "Ya mtu mwingine italindwa na mwanga."

Baba alichungulia katikati ya zile nguzo. Akapitisha mti wa ufagio, akautoa. "Sioni kitu," akasema.

"Huwezi kuiona, mzee."

"Na hicho nisichokiona ndicho kitakachomlinda mwanangu?"

"Si hata Mungu humuoni, mzee?" Dancun akarusha kutoka nyuma, na watu wakacheka.

"Asubuhi ile pia nilimwomba Mungu," baba akajibu.

Sasa hapa lazima niseme jambo ambalo kila aliyefanya kazi kwenye viwanda vya huku analijua, na hata wanaolikana wanalijua. Mashine mpya inataka damu. Ndivyo inavyosemwa. Ukiipa ya mnyama mapema, inatulia. Usipoipa, itajichukulia, na haichagui. Tajiri wetu ni Mhindi wa hapa hapa Mombasa, babu kwa mjukuu, na yeye kila mashine mpya huivunjia nazi na kuipaka unga mwekundu. Aliivunjia nazi hata ile presi ya zamani. Baba ana neno lake juu ya hilo, huwa analisema kwa upole bila ya kumvunjia mtu heshima: nazi haina damu.

Jumapili niliporudi kutoka kwaya nilikuta kuku mezani. Kwetu kuku hachinjwi hivi hivi. Nikauliza ni wa nini.

"Jana alikuwa na shughuli kiwandani," baba akasema, akinyofoa bawa. "Mwekundu, mzima, hana ila. Watu wa getini wananijua, na presi haikuwa na mtu."

Nilicheka. Nilimcheka baba yangu mezani, mimi mwenye cheti cha umeme, nikamwambia ile ni kompyuta, haina habari na kuku. Mama akanikanyaga mguu. Kisha nilikwenda kuosha mikono, na pale bombani nikajisikia nimetulia tumboni, utulivu ambao sala zangu zote za wiki ile hazikuwa zimenipa. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimetoka kuimba sauti ya pili mbele ya mchungaji.

Jumatatu tulikusanyika wote ukumbini. Tajiri alikuja na shati jeupe na nazi yake. Mchungaji wa kanisa la jirani aliomba, na hakufupisha. Luqman alisoma dua yake pembeni, kimya kimya, akajipangusa uso. Nilijisemea kwamba ikiwa kuna upande wowote huko juu ambao haujaarifiwa juu ya presi hii, basi si kosa letu. Mimi nilikuwa nimevaa ovaroli mpya, nywele nimezifunga chini ya kofia, na mikono yangu ilikuwa imetoka jasho hata nikaifuta mapajani mara mbili. Baba alisimama karibu na nguzo ya paa, kofia mkononi.

Jael akaniitikia kwa kichwa. Nikatanua mikono, nikabonyeza vitufe vyote viwili.

Haikwenda. Taa nyekundu iliwaka juu ya presi na laini nzima ikatulia tuli.

Nikabonyeza tena. Taa ile ile. Tajiri akaangalia vipande vya nazi yake sakafuni. Jael alikimbilia skrini, akasoma, akakunja uso. "Inasema haioni," akasema. "Mistari ya chini yote imekatwa. Kuna mtu amesimama kwa mlango wa presi?"

Hapakuwa na mtu. Sote tuliona hapakuwa na mtu. Tulikuwa tumesimama mbali, na kati ya nguzo zile mbili palikuwa peupe kabisa. Kompyuta ile, ambayo nilikuwa nimeiona kwa macho yangu ikitambua mkwaruzo wa sindano, ilikuwa inasisitiza kwamba kuna mtu pale.

Jael akachuchumaa kwenye nguzo ya kulia, akapitisha kidole. Kisha akaruka kama aliyeungua. "Damu!" akapiga kelele. "Hii ni damu! Nani ameumia? Mikono! Kila mtu nionyeshe mikono!"

Na kila mtu akainua mikono. Sijui nitawaelezaje ilivyokuwa. Ukumbi mzima, wapakiaji, mafundi, mchungaji, Luqman, tajiri mwenyewe na unga mwekundu viganjani, sote tumenyanyua mikono juu, na yule mwanamke mfupi anapita mbio kati yetu, anashika kiganja hiki, anageuza kile, machozi yamemlenga. Alifika kwa baba. Baba naye alikuwa ameinua yake. Jael aliuona mkono wa kushoto, akaushika kwa mikono yake yote miwili, akautafutia jeraha, na ilimchukua muda kuelewa kwamba jeraha lile lilikuwa la zamani.

"Si ya mtu," baba akasema taratibu. "Ni ya kuku."

Jael aliuachia ule mkono.

"Nilipaka mimi. Kwenye nguzo zote mbili, chini, pale mkono unapoanzia kupita. Wewe ulisema hapo ndipo mwanga unapopita. Nikaona damu na mwanga wako visaidiane."

Luqman aliangalia paa. Dancun alijifunika mdomo kwa kofia. Mimi nilitamani sakafu ipasuke initie ndani, na wakati huo huo nilitaka kumpiga ngumi mtu yeyote ambaye angethubutu kumcheka baba yangu.

Jael hakumcheka. Aliketi chini pale pale, mgongo kwenye nguzo, akavua kofia ngumu akajifuta uso. Alipopata pumzi akasema, "Mzee, umepaka macho yake. Damu imekaukia kwa macho, haiwezi kuona upande wa pili."

"Basi si ingeendelea tu?" baba akauliza. "Mtu akizibwa macho anapapasa, anaendelea na kazi."

"Hii haiendelei. Hii iliandikwa hivi: ikikosa kuona, inachukulia kwamba kuna mtu. Haijui kama ni damu, ama vumbi, ama buibui. Haina haja ya kujua. Ikiwa na shaka hata kidogo, inahesabu kwamba hapo kuna mkono." Akagonga nguzo kwa kidole. "Na haingojei mpaka iharibike. Kila wakati inajipima. Inajiuliza, macho yangu bado yanaona? Waya wangu bado ni mzima? Hata sasa vile tunaongea, inajiuliza."

"Yaani inajishuku yenyewe."

"Ndiyo, mzee. Kutwa kucha."

Baba aliirudia ile sentensi kwa sauti ndogo, inajishuku yenyewe. Nilimjua, na niliona kitu kimegeuka usoni mwake. Ameishi na wasimamizi wa kila namna katika kiwanda kile, na nadhani hakuwahi kukutana na hata mmoja wa sampuli hiyo. Kisha, kwa sababu ni baba yangu, akasema, "Basi kuku amefanya kazi. Presi imeona damu ikasimama."

Hapo watu wakacheka, na Jael akacheka kuliko wote, na tajiri akasema kwamba mashine ijayo hataivunjia nazi. Damu ikafutwa kwa kitambaa laini na dawa, taa nyekundu ikazimika, ya kijani ikawaka. Jael akachukua fimbo ya majaribio, kipande cha plastiki cheusi chenye unene wa kidole, akaniambia nibonyeze. Chuma kikashuka, akaingiza fimbo, kikasimama. Akafanya hivyo juu, katikati, chini. Kila mara kilisimama.

"Tosha," akasema. "Tuanze kazi."

"Bado," baba akasema. "Fimbo haina nyama."

Aliweka ufagio chini, akaja. Watu wakampisha. Jael akasimama mbele yake akamwambia kwamba kanuni hairuhusu, kwamba fimbo inatosha, kwamba mwanga haubagui plastiki na mkono. Baba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe umewahi kuuweka wako?" akamuuliza.

Jael alitazama kiganja chake. "Siku niliyomaliza kuifunga," akasema mwishowe. "Nilikuwa peke yangu na fundi mmoja. Si ruhusa hata kwangu mimi. Lakini ningemwambiaje mtu mwingine asimame hapa?"

"Basi tumeelewana," baba akasema.

Jael alimtazama tajiri. Tajiri alitazama ule mkono wa kushoto wa baba, mkono ulioharibika chini ya paa lake, akatazama chini. Jael akasogea kando.

"Kahaso," baba akaniambia. "Shika vitufe vyako."

"Baba, sitaki."

"Hutaki nini? Kazi si yako?"

Yote niliyokuwa nimeyasema nyumbani, maswali na majibu, macho mia mbili, yalikuwa yamenitoka kichwani. Nilichobaki nacho ni chuma kile, na baba yangu amesimama tena mbele ya presi. Nikatanua mikono, nikaweka viganja juu ya vitufe bila ya kubonyeza.

Baba akainua mkono. Alinyanyua wa kulia, ule mzima, mkono anaolia chakula, anaoshikia ufagio, anaotolea salamu.

"Mzee, weka ule mwingine!" Dancun akapaza sauti, na hapakuwa na mzaha wowote katika sauti yake.

"Ule mwingine hauna la kupoteza," baba akajibu bila ya kugeuka. "Bonyeza, mwanangu."

Nikafumba macho. Kisha nikayafumbua, kwa sababu mtu asiyeangalia ndiye aliyetuletea haya yote. Nikabonyeza.

Chuma kikaanza kushuka kwa ule mngurumo wake mzito, na mkono wa baba ukaingia.

Presi ikasimama.

Haikukwaruza, haikupiga kelele, haikuteleza hata kidogo. Ilisimama tu, uzito wote ule, juu kidogo tu ya vidole vya baba, na taa nyekundu ikawaka. Baba aliugeuza mkono wake chini ya kile chuma, kiganja juu, kiganja chini, kana kwamba anaunawisha. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakujishughulisha kuyafuta.

"Imejua ni mimi?" akauliza.

"Hapana, mzee," Jael akasema. "Haijui mtu. Ingesimama kwa yeyote."

"Yeyote," baba akasema. Akatutazama sote, mmoja mmoja, watu wa zamu ile. "Kwa yeyote."

Kisha akautoa mkono, taratibu, akanigeukia. "Achia sasa, Kahaso," akasema. "Imekukatalia."

Sikumwelewa. Nilitazama chini, nikaona mikono yangu yote miwili bado imevikandamiza vile vitufe kwa nguvu zangu zote.